Kope za Kinyozi wa Emali

"Zima hiyo mashine," Mbinya alisema kutoka mlangoni.

Kisilu hakuizima mara moja. Kichwa kilichokuwa mbele yake kilikuwa kimenyolewa upande wa kushoto tu, na mwenye kichwa, dereva wa lori la simenti, alikuwa na haraka ya kufika Loitokitok.

"Karibu, Mwalimu. Leo si Jumanne? Darasa umemwachia nani?"

"Kisilu, nimesema zima."

Akaizima. Mbinya akapita katikati ya viti na kumwekea simu mbele ya uso, karibu mno, ikabidi arudi nyuma hatua moja ndipo aone.

"Huyu ni nani?"

Ilikuwa video ya ibada ya Jumapili, ile ambayo kanisa la kina Mbinya kule Kilungu huirusha moja kwa moja kwenye Facebook. Benchi la tatu, mwisho kabisa karibu na njia, alikaa mwanamume mwenye shati la samawati, macho wazi, uso umetulia kama wa picha ya kitambulisho.

"Ni mimi."

"Na huyu unayemtazama?"

Kwaya ilikuwa imekaa upande wa pili, ikitazamana na benchi hilo. Mstari wa mbele alikaa msichana wa sauti ya kwanza, shingo imenyooka, akijipepea kwa karatasi.

"Ni Kasiva. Lakini Mwalimu..."

"Kutoka dakika ya thelathini na nne mpaka ya arobaini na tano. Nimepima. Dakika kumi na moja, Kisilu! Hata mimi hujawahi kunitazama dakika kumi na moja."

Dereva akachungulia simu. "Huyo hata mimi ningemtazama."

"Wewe kwanza maliza kunyolewa," Mbinya akamwambia. Kisha akamgeukia Kisilu. "Soma maoni ya watu. Soma kwa sauti."

Kisilu akasoma. "'Huyu bwana ameona malaika.' 'Mtu amwambie afunge mdomo.' 'Si huyu ndiye anapeleka mbuzi wa ntheo kumposa binti ya Mzee Mutunga Jumamosi? Mbuzi ni wa nani, binti au mwimbaji?'"

"Watu mia mbili na kumi na saba wamecheka hapo. Wanne ni wanafunzi wangu. Sasa niambie, ulikuwa unamtazamia nini?"

Kisilu alikuwa na jibu, tena la kweli. Hakuwa akimtazama Kasiva. Hakuwa akitazama kitu chochote. Alikuwa amelala fofofo.

Lakini jibu hilo hakuweza kulitoa, na sababu yake ilikuwa na umri wa miaka mitatu.

Kisilu alizaliwa kope zake zikiwa zimeanguka. Msuli unaoinua kope haukukomaa, ndivyo daktari alivyokuja kueleza baadaye. Ili aone mbele ilimbidi ainue kidevu na kukunja paji la uso, na hata hivyo watu waliona mtu anayesinzia. Shuleni alichapwa kwa kulala akiwa macho. Emali, wateja wapya walikaa kwenye kiti, wakamwona kinyozi wao kwenye kioo akiwa na wembe mkononi, wakainuka na kukumbuka shughuli nyingine. Na alipokwenda Kilungu mara ya kwanza kujitambulisha kwa wazazi wa Mbinya, Mzee Mutunga alimkazia macho tangu sala ya kwanza hadi kikombe cha mwisho cha chai, kisha akatoa hukumu.

"Sitampa binti yangu mtu anayelala nikimwuliza jina la baba yake."

"Mzee, sijalala. Ni kope."

"Hata mlevi husema ni homa."

Mutunga alikuwa mzee wa kanisa, na kazi aliyojipa mwenyewe ilikuwa kupita kati ya mabenchi wakati wa mahubiri, akiwagonga begani kwa kitabu cha nyimbo wale wanaosinzia. Kila Jumapili Kisilu alipanda Kilungu ili aonekane. Kila Jumapili aligongwa, mara mbili, wakati mwingine tatu. Katika miaka hiyo mitatu hakulala kanisani hata siku moja. Alijifinya mapaja mpaka yakawa na alama. Mbinya, mwalimu wa biolojia, alimtetea mezani, njiani na mbele ya mashangazi. "Baba, Kisilu halali kanisani. Naapa kwa cheti changu cha chuo."

Mwezi wa tatu mwaka huu alifanyiwa operesheni. Daktari wa macho alipitisha uzi maalum ndani ya kope na kuufunga kwenye msuli wa paji la uso, ili nyusi zikipanda, kope nazo zipande. Zilipanda. Kisilu aliona dari ya duka lake la kunyolea bila kuinua kidevu, akagundua kwamba ina utando wa buibui. Wateja wakaongezeka. Mzee Mutunga akaona macho mawili makubwa yakimtazama kutoka benchi la tatu, akayapita bila kugonga mtu. Kufikia mwezi wa tano alikuwa amekubali ntheo, wale mbuzi watatu ambao wakishapokelewa kwa kina msichana, yeye huhesabiwa mke.

Jambo moja tu Kisilu hakumwambia mtu. Daktari alikuwa amemwonya: "Zitafunguka vizuri, lakini ukilala huenda zisifunge. Ukitaka kulala, paka dawa ya mafuta. Mchana tumia matone. Na usilale ovyo, jicho litakauka."

Hazikufunga. Na kinyozi wa Emali hunyoa watu wengi zaidi Jumamosi kuliko siku nyingine zote, mpaka usiku, halafu huyu alitakiwa kupanda Kilungu kabla ya jua. Kwa mara ya kwanza maishani angeweza kulala kanisani na mtu yeyote asijue. Jumapili moja akalala. Iliyofuata pia. Sasa zilikuwa tano.

Kwa hiyo akisema "Nilikuwa nimelala," Mzee Mutunga angesema alijua tangu mwanzo, na mbuzi wangebaki Emali. Na dereva mwenye nusu ya nywele alikuwa mtu wa Kilungu. Mama yake na Mzee Mutunga walitenganishwa na fensi moja.

"Nilikuwa nawaza, Mwalimu," Kisilu akasema.

"Ukiwaza nini?"

"Mahubiri."

"Yalihusu nini?"

Kisilu akapuliza nywele kwenye mashine. "Yalihusu... dhambi."

"Mahubiri yalikuwa hayajaanza," Mbinya alisema polepole, kama anayesahihisha karatasi. "Dakika hizo zote zilikuwa matangazo. Walikuwa wanaeleza ujenzi wa choo cha kanisa."

Dereva akaguna kwa huruma.

"Jumamosi usije," Mbinya akasema, akatoka.

Dereva akajitazama kwenye kioo.

"Kinyozi."

"Naam."

"Pole sana. Na huu upande wa kulia?"

Jumatano Kisilu aliandika ujumbe.

"Mwalimu, kuna kitu sijakuambia."

"Najua. Anaimba sauti ya kwanza."

"Si Kasiva. Ni kitu cha aibu."

"Kwa hivyo kuna mwingine?"

Akaandika, "Nilikuwa nimelala." Akayatazama maneno hayo; yalikuwa mawili tu, lakini mazito. Ujumbe hupigwa picha, picha huzunguka; hilo alikuwa ameshajifunza kwa video. Akafuta.

Alhamisi simu ikalia. Haikuwa ya Mbinya.

"Kisilu."

"Ndiyo, Mzee."

"Huyu msichana amenisumbua na habari za mwimbaji. Nimemwambia ni upuuzi. Mimi nilikuona mwenyewe. Mahubiri yalipoanza tu ulikuwa unalia. Machozi mashavuni, wala hujifichi! Mwanamume wa namna hiyo hana nafasi ya kutazama wasichana."

Machozi yale yalikuwa matone ya duka la dawa. Aliamshwa na kwaya iliposimama, akakuta macho yamekauka kama ngozi ya ngoma, akatia matone, yakamwagika.

"Mzee, kuhusu yale machozi..."

"Usijishushe. Jumapili ijayo utatoa ushuhuda kanisani, jinsi ulivyofunguliwa macho. Jumamosi lete mbuzi. Huyu wangu nitaongea naye."

Simu ikakatwa. Baba alikuwa amemkubali kwa wema ambao hakuwa nao, na binti alikuwa amemkataa kwa kosa ambalo hakulitenda. Kisilu alikaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo. Macho yalikuwa makubwa, mazuri, yasiyo na msaada wowote.

"Tusiende," alimwambia mjomba wake Musyimi, ambaye ndiye angekuwa msemaji wao.

"Tusiende vipi? Mbuzi wako kwangu. Nimeshawapa hata majina."

"Mbinya amesema nisije."

"Amesema wewe usije. Mbuzi hawakukatazwa." Musyimi akatema kijiti cha mswaki. "Sikiza, mpwa wangu. Msichana huulizwa mbele ya watu. Akikataa, akatae hapo, tujue moja. Mbuzi wa ntheo wakirudishwa na ujumbe wa simu, sisi tutaimbwa mpaka Kikima."

Usiku wa kuamkia Jumamosi Kisilu hakupata usingizi hata kidogo.

Kwa Mzee Mutunga kulikuwa na hema, viti vya plastiki, na kina mama waliokuwa wameanza kumenya viazi bila kusubiri uamuzi. Mbuzi walifungwa kwenye fensi. Mzee alifungua Biblia na kusoma, akiinua kope ya jicho la kushoto kwa kidole cha shahada. Ndivyo alivyosoma siku zote. Kanisa zima liliogopa kidole hicho. Watoto walisema akikifanya hivyo anaona mpaka mifukoni.

Musyimi akaeleza kilichowaleta. Kisha shangazi Muthoki, dada yake Mzee, akamtoa Mbinya ndani ya nyumba akiwa na wasichana wanne. Mmoja wao alikuwa Kasiva. Kisilu akayashusha macho chini upesi, na kwa kuwa kope hazikuteremka nayo, akaonekana kama mtu aliyeona nyoka.

"Mbinya," shangazi akasema, "wageni hawa unawajua?"

"Nawajua."

"Wameleta mbuzi. Tuwapokee?"

"Nina swali kwanza."

Kina mama wakaacha viazi.

"Mwanangu, hapa unajibu. Huulizi."

"Shangazi, mimi ni mwalimu. Kuuliza ndiyo kazi yangu." Mbinya akatoa simu. "Mtu akiwa macho hupepesa kope kama mara kumi na tano kwa dakika. Dakika kumi na moja ni mara mia moja sitini na tano. Ile video mliyoiona wote, nimeirudia mara nne. Kisilu hakupepesa hata mara moja."

Akaisogeza video mbele kidogo.

"Dakika ya thelathini na tisa, nzi alitua kwenye kope yake. Akatembea. Akashuka mpaka puani, akapumzika. Kisilu hakutikisika." Akageuka. "Mwanamume hawezi kumtazama mwanamke hivyo, hata awe Kasiva. Sasa, Kisilu, ulikuwa unafanya nini?"

Aliyemfahamu Mbinya angeona kwamba jibu analo. Pembe ya mdomo wake ilikuwa inatetemeka. Lakini alitaka lisemwe na mwenyewe, na lisemwe pale.

Kisilu akamtazama Mzee Mutunga. Akawatazama mbuzi. Akasimama.

"Nilikuwa nimelala."

"Umesema?" Mzee akauliza.

"Nililala, Mzee. Operesheni ilifungua kope zangu, lakini nikilala hazifungi. Daktari aliniambia, mimi nikanyamaza."

"Mwaitu, mama wee!" Kasiva alipiga kelele. "Dakika kumi na moja nimenyoosha shingo mpaka ikauma! Nikadhani nimependwa!"

Vicheko vikapasuka hemani, vikakatika Mzee alipoinua mkono.

"Jumapili ngapi?"

"Tano."

"Na ile miaka mitatu?"

"Hata moja, Mzee. Ulikuwa unanigonga niko macho."

"Na machozi?"

"Ya chupa. Matone mawili kila jicho. Yalimwagika."

Musyimi aliinuka kimyakimya, akaenda kwenye fensi, akaanza kulegeza kamba ya mbuzi wa kwanza.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" Mbinya akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Uliapa kwa cheti chako."

"Cheti ni changu. Ningekilinda mwenyewe. Jicho lako nani atalilinda? Unajua likikauka hivyo litatoka kidonda? Unyoe watu kwa kupapasa?"

Kisilu alikuwa amejiandaa kuulizwa kuhusu Kasiva, kuhusu uongo, kuhusu kanisa. Hakuwa amejiandaa kuulizwa kuhusu jicho.

Mzee Mutunga akainua kope yake ya kushoto kwa kidole, akamtazama Kisilu kwa muda mrefu.

"Miaka mitatu nilikugonga ukiwa macho," akasema. "Wiki tano nimekupita ukiwa umelala, tena nikakusifu. Musyimi, acha hiyo kamba. Inaonekana mwenye shida ya macho hapa si mmoja."

"Baba," Mbinya akasema, "jicho hilo la kushoto, kope imefunika nusu ya mboni. Nimekuambia tangu mwaka juzi."

"Hilo ni uzee."

"Ni kope, Mzee," Kisilu akasema. "Huinuliwa."

"Ili nami nilale macho wazi kama samaki?"

"Operesheni yako huenda ikawa ndogo kuliko yangu. Mimi nilizaliwa bila msuli wa maana, wewe msuli unao, umelegea tu. Wakiukaza, kwa kawaida ukilala inafunga. Lakini daktari ndiye atasema, si mimi."

Mzee akasogeza kiti. Aliinama, akanong'ona, lakini watu sitini walikuwa wamenyamaza kabisa na kila mmoja alisikia.

"Inauma?"

"Ile sindano ya kwanza."

"Utanipeleka?"

"Jumatatu huwa nafunga kinyozi. Nitakuja kukuchukua."

Mzee Mutunga akajinyoosha, akarudisha uso wake wa kanisani. "Swali la binti limejibiwa. Sasa binti ajibu letu. Mbuzi tuwapokee?"

Mbinya hakuharakisha. "Kisilu, ukishikwa na usingizi, utasema?"

"Nitasema."

"Hata kanisani?"

"Nitasimama nyuma, karibu na mlango."

"Na Jumamosi utafunga kinyozi saa ngapi?"

"Saa mbili usiku."

"Saa moja."

"Saa moja na nusu. Mwalimu, watu wa Emali wana nywele!"

Mbinya akacheka, kicheko alichokuwa amekibana tangu alipohesabu mara ya nne. "Wapokeeni mbuzi," akasema, na vigelegele vya shangazi Muthoki vikawashtua kuku wa jirani.

Kufikia saa tisa nyama ilikuwa imeliwa na watu walikuwa wanasemezana mafungumafungu. Kisilu alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya tangi la maji. Binamu mmoja wa Mzee alivuta kiti karibu naye, akamweleza kwa robo saa nzima jinsi ya kuunganisha miche ya parachichi, kisha akaenda kwa wenzake akimsifu.

"Kijana yule anajua kusikiza. Hakunikatiza hata mara moja."

Mbinya akasikia hayo, akaweka sahani chini.

Alimkuta Kisilu ameutegemeza mgongo kwenye tangi, macho wazi yameelekea mawinguni. Akapitisha mkono mbele yake. Hakuna kitu. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati lake, akapata kichupa cha matone na mrija wa dawa ya mafuta. Akaosha mikono kwenye bomba, akampaka dawa jicho moja, kisha la pili, taratibu, kama alivyowafundisha wanafunzi kushika vitu vya maabara. Halafu, kwa vidole viwili, akaziteremsha kope na kuzishikilia hapo.

Shangazi Muthoki alitokea nyuma ya tangi akiwa amebeba sinia la mifupa. Katika boma hilo, mtu wa mwisho kufumbwa macho namna hiyo alikuwa marehemu baba yake.

"Uuuui! Kinyozi amekufa! Mbuzi hata hawajaisha!"

Sinia likaanguka. Kina mama wakaitikia kwa sauti moja. Musyimi, ambaye hakuelewa chochote, alikimbilia fensi kuhesabu mbuzi waliobaki. Kisilu akaruka kutoka kitini, dawa imemjaa machoni, haoni mbele wala nyuma, akashika kitu cha kwanza alichopapasa, ambacho kilikuwa bega la Kasiva.

"Nani amekufa? Nani?"

"Wewe," Mbinya akasema, akamtoa mikono kwenye bega hilo na kuiweka kwenye lake. "Keti."

"Mwalimu?"

"Keti ulale. Macho nitayafumba mimi."

Akaketi. Mbinya akaketi kiti cha pili, vidole vyake viwili vikarudi pale pale.

Mzee Mutunga alikuwa amesimama upande wa pili wa uwanja, kidole kikiwa kwenye kope ya kushoto, akijaribu kutambua ni nini kimetokea.

"Muthoki! Kuna nini huko?"

"Kumbe amelala tu!"

"Amelala?"

"Usingizi kabisa, macho yamefumba!"

Mzee akafikiri kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kukishika kitabu cha nyimbo juu ya meza. Akakirudisha.

"Mwacheni," akasema. "Leo si Jumapili."